Burundi baada ya vita: ile 60 kwa 40 ilipatikanaje hasa?

Nyakato_K: Wakuu, kila mahali naona "Wahutu asilimia 60, Watutsi 40" bungeni, basi. Mpiga kura akichagua anavyotaka, hesabu hiyo inatoka wapi? Na kwa nini jeshini ni nusu kwa nusu?

Mkalimani: Ndugu, msingi ni Mkataba wa amani wa Arusha wa 28 Agosti 2000, ulioingia kwenye katiba iliyopigiwa kura ya maoni Februari 2005. Kule mpiga kura hachagui mtu. Anachagua orodha ya chama, tena hawezi kuipangua. Katika kila majina matatu yanayofuatana, mawili tu ndiyo yanaweza kuwa ya kabila moja, na katika kila manne lazima awepo mwanamke. Kwa hiyo chama cha Wahutu wengi hakiwezi kuwarundika Watutsi mkiani.

Hata hivyo kura hazitoi 60 kamili. Tuseme wamepita Wahutu 63 na Watutsi 37. Aliyeshinda hanyang'anywi kiti, kwa hiyo unaongeza: Watutsi 5 wanaingizwa, jumla inakuwa 105, na 42 ndiyo asilimia 40 yenyewe. Halafu wanaongezwa Watwa 3, kabila dogo la tatu. Wanawake wasipofika asilimia 30, dawa ni hiyohiyo. Ndiyo maana mwaka 2005 viti 100 vya kuchaguliwa viliishia wabunge 118.

Bahati wa Ziwani: Nijibu la jeshi. Wanajeshi ndio waliomuua Rais Ndadaye, Mhutu, Oktoba 1993, miezi mitatu tu tangu aapishwe, na jeshi hilo lilikuwa mikononi mwa Watutsi. Wahutu wasingelala usingizi chini ya jeshi lile. Watutsi nao waliogopa kubaki bila ulinzi wowote. Ikawekwa kwamba hakuna kabila litakalozidi nusu, polisi pia.

Lakini kufuli halisi lilikuwa theluthi mbili za kura ili sheria ipite. Asilimia 40 inazidi theluthi moja, kwa hiyo bila Watutsi theluthi mbili haifiki; 40 ina maana pale tu inapoweza kuzuia. Katiba ya 2018 ikashusha kiwango hadi zaidi ya nusu ya kura kwa sheria za kawaida: viti vikabaki, nguvu ikaondoka. Hili linauma, na halisemwi vya kutosha.

Mama Shamba: Jamani, na ardhi? Wakimbizi waliokimbia mauaji ya 1972 na kurudi kutoka Tanzania walikuta michikichi yao Rumonge, kando ya Ziwa Tanganyika, inavunwa na wengine, baadhi wakiwa na karatasi za serikali. Tume ya ardhi, CNTB, iliyoundwa 2006, mara nyingi ilikata shamba katikati. Shamba la nusu hekta ukilikata, halilishi nyumba hata moja. Kuanzia 2011 ikaelemea kumrudishia mkimbizi lote, na aliyenunua kwa nia njema akatoka mikono mitupu. Palihitajika mfuko wa fidia wenye fedha kabla ya hukumu ya kwanza. Bungeni mnaongeza viti vitano. Rumonge hamwongezi hata pando moja la michikichi.

Nyakato_K: Asanteni sana. Hiyo ya theluthi mbili sikuwahi kuiunganisha na 40.