Naomba ushauri: rangi ya shaba inapasuka kwenye sanamu hai

Wakuu, kuna kazi ya sanamu hai hapa Arusha, karibu na Mnara wa Saa. Mtu atasimama saa mbili mfululizo, jua la mchana, awe "shaba" kuanzia kipara cha bandia hadi kifuani.

Nyusi zinalazwa kwa gundi, kisha lateksi (mpira wa majimaji unaokauka kuwa kama ngozi ya bandia) tabaka 4 kwa sponji. Kila tabaka linakaushwa kwa drayer ya ubaridi na kupakwa poda, la sivyo linajigandisha lenyewe. Juu yake rangi ya maji ya kahawia, unga wa dhahabu sehemu zilizoinuka, kijani cha kutu kwenye mikunjo ya pua na masikio (hicho ndicho kinachodanganya macho kuliko dhahabu yote). Mzio ameshapimwa mkononi, yuko salama.

Shida: pembeni mwa mdomo rangi inapasuka, na jasho likianza kingo za paji la uso zinabanduka. Nadhani lateksi inavutika, rangi ya maji haivutiki.

Je, nichanganye rangi ya akriliki na gundi ya kubandikia kwenye ngozi ya mtu nusu kwa nusu, nipake juu ya lateksi tu? Na kingo nizipunguze hadi tabaka 1, au nihamie silikoni? Mafuta msinishauri, yanaozesha lateksi.