Nataka kupiga picha za nebula na galaksi nikiwa Mwanza, ninunue darubini hii au niache?

Kijana_wa_Igoma
Habari wakuu. Nina kamera ya Canon ya zamani, lenzi ya 50mm na stendi. Nimetenga laki sita. Kuna jamaa mjini anauza darubini ya milimita 60, boksi limeandikwa "inakuza mara 675". Shida yangu ni Nebula ya Orioni (wingu la gesi angani) na galaksi ya Andromeda (kundi kubwa mno la nyota). Nilijaribu kwa kamera nikiwa nyumbani, shata ikiwa wazi sekunde 30, nyota zote zikatoka ndefu kama punje za mchele. Mwenye uzoefu anishauri kabla sijatoa hela.

Macho_Juu
Shika hela yako mkuu. Darubini ya milimita 60 ikijitahidi sana inakuza mara 120, ukizidisha hapo unakuza ukungu. Halafu Andromeda si ndogo hata kidogo: kwenye picha inachukua karibu nyuzi 3 za anga, yaani miezi mipevu sita iliyopangwa mstari mmoja. Ni hafifu tu. Lenzi uliyonayo inatosha.

Nyota kurefuka ni dunia kuzunguka, na Orioni iko kwenye ikweta ya anga (mstari wa angani ulio juu ya ikweta ya dunia), ambako nyota zinakimbia kuliko kwingine kote. Kwa 50mm usivuke sekunde 5. ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) weka 1600, hifadhi RAW (faili ghafi la kamera), fokasi kwa mkono: washa skrini ya nyuma, kuza Sirius, nyota inayong'aa kuliko zote usiku, mara 10, zungusha pete taratibu mpaka ibaki kidoto. Piga picha 200 hivi, kisha funika lenzi upige nyingine 20 za giza kwa mipangilio ileile. DeepSkyStacker ni programu ya bure, itazipanga na kuziunganisha. Picha 100 zikiunganishwa, chenga za kwenye picha zinapungua mara 10. Hapo ndipo utaona wekundu wa nebula unaanza kujitokeza.

Mkazi_Kayenze
Njoo huku kwetu Kayenze, ziwa liko kaskazini na taa za mji unaziacha nyuma. Ila ujue siku za giza ndizo siku za dagaa. Mitumbwi inawasha taa mpaka ziwa linafanana na barabara ya mjini. Mbalamwezi ikiwaka wavuvi wengi wanapumzika.

Macho_Juu
Mbalamwezi ndiyo inaua picha kabisa mkuu, heri taa za dagaa, zinaishia chini kwenye upeo. Orioni katikati ya Januari inafika utosini karibu saa tano usiku, haiguswi. Andromeda ndiyo ya kuwahi, saa mbili na nusu giza likikolea, iko kaskazini-magharibi na inashuka. Kwa hiyo ukienda Misungwi, kusini mwa mji, utaikuta juu ya mwanga wa Mwanza mjini. Kwa Andromeda namuunga mkono wa Kayenze.

Mama_Wawili
Mdogo wangu, usikae ufukweni kabisa, kiboko wanapanda kula majani usiku. Pia pitia kwa mwenyekiti na sungusungu kabla. Mtu mgeni, gizani, ameinamia mtambo wenye taa nyekundu, utaeleza nini?

Kijana_wa_Igoma
Nimekuelewa dada, nitapiga hodi kwanza. Sasa laki sita nizifanyie nini? Nimeona vifaa vya kufuatilia nyota, bei haishikiki.

Seremala_Buswelu
Tengeneza. G. Y. Haig alichapisha mchoro wake wa kifaa cha kufuatilia nyota mwaka 1975 kwenye jarida la Sky & Telescope: mbao mbili, bawaba, bolti. Chukua bolti ya M6 (unene milimita 6), uzi wake unasogea milimita 1 kwa mzunguko. Tundu la bolti liwe milimita 228.5 kutoka katikati ya pini ya bawaba, pima vizuri. Kila dakika unazungusha mzunguko mmoja, kamera inafuata nyota.

Wa Ulaya wanahangaika kulenga nyota ya kaskazini, kwetu hiyo haionekani, iko chini ya upeo. Sisi tuko nyuzi 2.5 kusini mwa ikweta, kwa hiyo pini inalala karibu sambamba na ardhi, kaskazini-kusini, ncha ya kusini ikiinuka kidogo tu. Bawaba iwe magharibi, mbao ya juu inyanyuke upande wa mashariki. Dira ya simu inatosha, ila isogeze mbali na pikipiki. Hapo sekunde 30 mpaka 60 unazipata.

Mkazi_Kayenze
Usisahau umande. Saa sita lenzi inakuwa imelowa. Mimi nafunga mkanda wa joto wa USB kwenye powabenki.

Kijana_wa_Igoma
Darubini nimeachana nayo. Fundi anauliza bolti iwe na urefu gani?

Seremala_Buswelu
Milimita 60 zinatosha, bila kuhesabu unene wa mbao. Ikipita robo saa irudishe mwanzo, maana bolti iliyonyooka inaanza kuachana na nyota.