Makato ya pesa za simu yametuchosha, anayeumia ni yule yule mwenye kidogo

Wakuu nina hasira leo mnivumilie. Jana nimemtumia bimkubwa hela ya dawa, nikaweka na ya kutolea juu kama kawaida, kufika kwa wakala anaambiwa keshi haitoshi mama, nakupa nusu, nusu nyingine kajaribu mbele. Kaenda mbele na miguu yake hiyo mibovu katoa iliyobaki. Sasa makato yanaenda kwa viwango, ukitoa mara mbili unakatwa mara mbili, na ukizijumlisha zinazidi ile ambayo angekatwa kwa mpigo, kwa hiyo ya kutolea haikutosha ikamega hela ya dawa. Ananipigia "mwanangu mbona imepungua?" Nimjibu nini? Nikapiga huduma kwa wateja, nimesikilizishwa muziki weee mwisho dada ananiambia muamala wako umekamilika. Najua umekamilika dada!

Na sipingi pesa za simu, tusianze kutupiana maneno. M-Pesa ilipoanza Kenya 2007 watu walikuwa wanamkabidhi dereva wa basi bahasha na kumuomba Mungu. Wachumi Tavneet Suri na William Jack walitoa utafiti wao 2016 wakakadiria kaya 194,000 za Kenya zimetoka kwenye umaskini uliokithiri kwa sababu ya hii kitu, yaani asilimia 2 ya kaya zote. Na sababu mojawapo ni hii hii ya bimkubwa, mtu akiugua au mavuno yakigoma, ndugu wa mbali anatuma dakika hiyo hiyo. Sasa mbona mnamkata mtu siku ile ile ya shida? Tena anayetuma kidogo ndo analiwa asilimia kubwa, anayetuma nyingi hata hashtuki.

Serikali nazo zikaona huku ndo kwenye mteremko. Uganda 2018 wakaweka 1% kwenye miamala, kelele zikapigwa wakashuka 0.5% kwenye kutoa tu. Tanzania tozo Julai 2021, haikumaliza miezi mitatu ikapunguzwa 30%. Ghana wakaja na 1.5% mwaka 2022, 2025 wakaifuta kabisa. Yani kila mmoja lazima aunguze kidole chake mwenyewe, wakati jirani anaonyesha bandeji! Hela imeshakatwa kodi kwenye mshahara, naihamisha tu kwa mama yangu, kipato kipya kiko wapi hapo? Mwishowe watu wanarudi kwenye keshi.

(Mikopo ya kwenye simu ni uzi mwingine. M-Shwari ya Kenya 2012 ilianza na asilimia 7.5 kwa mwezi, eti "ada" sio riba, zidisha mara 12 uone.)

Sasa wakuu, kuna aliyewahi kurudishiwa makato kwa kesi ya wakala kukosa keshi? Na kuna namna ya kujua wakala ana hela kabla mtu mzima hajatembezwa juani?