HiAce 3L yasumbua kuwaka asubuhi, na mkono hauingii kwenye injini

Barafu_Ngomeni

Asalaam aleikum jamani. Nina HiAce ya miaka ya tisini, injini 3L ya dizeli, ile iliyofichwa chini ya viti vya mbele. Alfajiri napeleka barafu Ngomeni, narudi Malindi na samaki. Siku hizi asubuhi napiga starta mpaka betri inalia, halafu ikishika inatetemeka kidogo na kutulia. Baada ya hapo mchana kutwa ukigusa ufunguo tu inawaka.

Fundi mmoja mjini kasema hita plagi, zile zinazopasha injini moto kabla ya kuwaka, zimekufa, na eti ili azifikie lazima injini ishushwe. Injini ishushwe kwa ajili ya plagi! Nataka nifanye mwenyewe hapa uani Shela, japo ukuta wa jirani hauniachii mlango ukafunguka wote. Kiti nimekiinua na kifuniko nimetoa. Plagi mbili za mbele naziona, ya tatu naigusa kwa ncha za vidole, ya nne ndiyo siioni. Aliyewahi kuifikia alipitia wapi? Na tafadhali asije mtu na "peleka kwa fundi". Nishapeleka.

Spana_Kumi_na_Saba

Wa aleikum salaam ndugu yangu. Tuanze na moshi kwanza, spana baadaye. Unapopiga starta asubuhi, ekzosi inatoa moshi mweupe au haitoi kitu?

Barafu_Ngomeni

Nimemsimamisha kijana wangu nyuma na tochi. Kavu kabisa. Moshi unakuja ikishashika.

Spana_Kumi_na_Saba

Basi achana na plagi kwa sasa. Moshi mweupe maana yake dizeli inafika ndani ila haiungui. Hapo ndipo ungeshuku plagi. Ekzosi ikiwa kavu, dizeli haijafika. Gari hilo halina pampu ya umeme kwenye tanki, pampu ya injini ndiyo inayovuta yenyewe. Mpira unaopitisha dizeli kutoka kwenye tanki ukiwa na ufa, gari likilala hewa inaingia na dizeli inarudi kwenye tanki. Wala hutaona tone chini, kwa sababu mpira unavuta, hausukumi.

Kesho kabla ya kugusa ufunguo, bonyeza ile pampu ya mkono juu ya filta ya dizeli mpaka iwe ngumu. Ukiwasha ikashika mara moja, ujue ni hewa. Kisha funga kipande cha mpira unaoonyesha ndani karibu na pampu ya injini, uangalie mapovu.

Dereva_wa_Mambrui

Kaka, mwenzangu hapo juu kasema kweli lakini usizisamehe plagi. 3L inaunguzia dizeli kwenye vyumba vidogo ndani ya kichwa cha injini, inataka moto hata kwa joto letu hili la Malindi. Mimi gari langu la wanafunzi plagi zikifa huwa nasikia tu.

Ya nne inafikika. Usiinue kiti, kitoe chote nje, ulale kifudifudi sakafuni kichwa kikielekea mbele. Raketi ndogo, soketi ndefu ya 12. Soketi ifunge uzi na ncha ya uzi uishike kwa meno, maana ikidondoka humo utaitafuta mpaka magharibi. Pale macho hayafiki ingiza simu upige picha. Na utoe waya wa hasi wa betri kwanza! Kile kipande cha chuma kinachounganisha plagi kikigusana na spana kwenye bodi, utaona cheche.

Kuzipima plagi, kitoe hicho kipande, la sivyo unapima zote nne kwa pamoja. Plagi nzima inasoma chini ya ohm 1. Iliyokufa haisomi kitu. Ikikataa kufunguka usiilazimishe, hasa magari yetu haya ya upepo wa chumvi. Washa injini ipate moto, mwagia mafuta ya kutu, ngoja, rudia. Ikikatikia ndani hapo ndipo kichwa kitashushwa kweli.

Barafu_Ngomeni

Dada, Mungu akuzidishie, hiyo ya uzi sikuwahi kuisikia kwa fundi yeyote.

Nimebonyeza pampu ya mkono alfajiri, ikashika mara moja. Mpira unaotoka upande wa tanki, pale unapoingia kwenye filta, kwa juu mkavu na mzuri tu. Nikaukunja chini ya klipu, ukafunguka nyufa nyembamba pande zote. Nimebadilisha wote mzima na klipu mpya. Mapovu hakuna tena. Plagi nitazipima Ijumaa, siku ambayo sibebi samaki.

Spana_Kumi_na_Saba

Badilisha na mipira ya kurudishia dizeli, umri wao ni mmoja na huo uliotoa. Na ukifunga kifuniko cha injini angalia ile raba ya pembeni imekaa sawa. Ikikunjika, moshi na joto vyote vitakupanda miguuni mpaka Ngomeni.