Wakuu wa Moshi, tunataka kupanga wenyewe mitaa ya katikati ya mji, tunaanzia wapi?

Vifungo na Zipu

Habari za saa hizi wakuu. Nina duka la vifaa vya ushonaji hapa town Moshi, huku kati ya soko kuu na stendi, mtaa wenyewe sitautaja maana tunajuana. Wiki iliyopita tulikaa wenye maduka, mafundi cherehani wa verandani, mama ntilie, na madogo wa bajaji, ikaanza kama stori tu za kusubiri mvua ikatike, mara ikawa kikao. Hoja ilikuwa moja, sisi ndo tunashinda hapa toka asubuhi mpaka giza lakini kitu chochote kinachojengwa hapa tunakijua siku greda linafika. Kwa nini tusipange wenyewe mitaa yetu ikaeje, alafu tuwapelekee wenye mamlaka waone?

Maana matatizo tunayajua kuliko mtu yeyote. Mtaro, kila mwenye duka kaweka kidaraja chake cha zege kwa levo yake, masika maji yanakosa pa kupita yanaingia ndani kwa wateja. Veranda ndo balaa, hii ipo juu ngazi mbili, inayofuata imeshuka, ya tatu imejaa mabalo ya vitambaa, kwa hiyo mama mwenye mtoto mgongoni na mzigo kichwani anashuka barabarani anakutana uso kwa uso na bajaji inayorudi rivasi. Choo cha kueleweka mpaka utembee. Desemba ndo usiseme, Wachagga wote wa Dar wamerudi na magari yao, hata mkokoteni haupiti. Na mabasi yakihamia stendi mpya ya Ngangamfumuni huku katikati biashara itabadilika, bora tukae tufikirie kabla.

Sasa maswali. Mpango wa wananchi unatambulika kisheria au ni karatasi tu? Unaanza ofisi gani? Na nani wa kutuchorea, maana hapa tuna mafundi wa kuchora gauni siyo mitaro 😀

Mtendaji Mstaafu

Hongereni sana ndugu yangu. Nimefanya kazi za kata miaka mingi (siyo hiyo yenu) kwa hiyo nikwambie kitu ambacho watu wengi wa mjini hawakiwazi. Mlango wenu ni mtaa. Mkutano unaitishwa na mwenyekiti wa mtaa, mtendaji anaandika muhtasari, mahudhurio yanasainiwa, mnaambatanisha. Muhtasari huo ndo mtaji wenu, bila huo hata mje na michoro ya rangi mtaambiwa nyie ni kikundi cha watu. Kutoka hapo unapanda kwenye kamati ya maendeleo ya kata, WDC, ambayo mwenyekiti wake ni diwani, ndo inaenda manispaa.

Lakini sikiliza hapa. Mkutano wa mtaa ni wa WAKAZI wa mtaa, wenye miaka 18 na kuendelea. Wewe duka lako lipo hapo, unalala wapi? Nikikisia nasema Pasua, au Soweto, au Majengo. Na jirani yako hivyo hivyo. Jioni mkifunga maduka mtaa unabaki na akina nani? Familia chache za ghorofani juu ya maduka, walinzi, na wapangaji wa vyumba vya uani. Hao ndo wenye kauli kwenye huo mkutano. Mkienda na kelele za wafanyabiashara bila kuwashika hao mtashangaa hoja inalala, na wala hamtakuwa mmeonewa. Anzeni kwao, mkanywe nao chai, muulize wao usiku wanasumbuliwa na nini, mtakuta ni taa na takataka siyo veranda.

La pili ni kalenda. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1 lakini mapendekezo ya manispaa yanapikwa miezi mingi kabla, mwanzoni mwa mwaka yanakuwa yameshapita vikaoni, Aprili wenzenu wapo Bungeni Dodoma. Ukipeleka wazo lako mwezi wa tano umepeleka la mwaka kesho kutwa. Ule utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, O&OD, ulioanza miaka ya mwanzo ya 2000, ulikusudiwa hivi hivi kwamba vipaumbele vianzie chini, ila chini wakichelewa juu hawasubiri.

Rula na Penseli

Mzee kamaliza upande wa vikao, mimi niongeze upande wa ramani maana ndo kazi yangu.

Kwa Sheria ya Mipangomiji ya 2007 mamlaka ya upangaji ni halmashauri, kwenu ni manispaa. Kwa hiyo mchoro wenu peke yake haumfungi mtu. Unapata nguvu pale afisa mipangomiji anapouchukua ukaingia kwenye mpango wa kina wa eneo, ndo unapita kwenye taratibu za kuidhinishwa. Uingereza ni tofauti kidogo, kule kuna sheria ya 2011 inaitwa Localism Act, watu wa mtaa wakijiandikisha kama jukwaa, wasiopungua 21, wanaandaa mpango wao, unakaguliwa, alafu wakazi wanapiga kura ya maoni, ukipata zaidi ya nusu unakuwa sehemu ya mipango rasmi na maombi ya ujenzi yanapimwa kwa huo. Sisi hatuna kitu cha hivyo. Ila haina maana mkae, mchoro uliofanywa vizuri unampunguzia afisa kazi, na afisa aliyepunguziwa kazi ni rafiki. Mkitaka mfano wa karibu angalieni Ng'ambo kule Zanzibar, mpango wa Ng'ambo Tuitakayo, serikali yenyewe ndo ilikuwa mbele lakini wenyeji walishirikishwa kutaja maeneo yenye maana kwao, na siyo majengo makubwa tu.

Alafu kabla hamjachora chochote jueni nini ni cha nani. Barabara za ndani ya mji ni TARURA tangu 2017, ile kuu ya Arusha kwenda Himo ni TANROADS. Bomba ni MUWSA, nguzo TANESCO. Na veranda mkuu, hapo ndo patamu. Yale maduka ya zamani ya Kihindi ya ghorofa moja, veranda yake mara nyingi ipo NDANI ya kiwanja cha mwenye jengo. Inaonekana njia ya umma kwa sababu kila mtu anapita, lakini ukitaka kusawazisha ngazi unaongea na mwenye hati. Kwa hiyo mtaani kwenu levo za veranda ni mazungumzo na wenye majengo watano sita, haziendi kwenye bajeti ya serikali kabisa, zinaweza kuisha bila kusubiri Julai yoyote. Mtaro ndo wa kupeleka juu.

Kamata Elfu Mbili

Nimewasoma wote kwa utulivu. Mimi nauza mitumba, wakati mwingine soko la Memorial, wakati mwingine napanga hapo hapo mnapopaita njia ya waenda kwa miguu. Niwaulize tu, kwenye hicho kikao cha kusubiri mvua machinga alikuwepo? Nimesoma maduka, cherehani, mama ntilie, bajaji. Sisi hatupo. Sasa hizi habari za kupendezesha mji mwisho wake tunaujua. 2018 tulipewa vitambulisho kwa elfu 20 tukaambiwa tufanye biashara kwa amani, 2021 ikaja tuondoke barabarani tupangwe upya, nchi nzima. Na mimi sibishi kwamba njia zilikuwa zimezibwa, zilizibwa kweli. Ila mteja wangu ni mtu aliyeshuka hiace anawahi sokoni, ananiona, ananunua. Ukinipeleka mahali ambapo hapiti huyo mtu hata ukinijengea kibanda cha vigae sitauza.

Nikiona kwenye huo mchoro wenu sehemu yangu imewekwa, upana umeandikwa, nasaini hata mara tatu. Nisipoiona nakuja kwenye mkutano na wenzangu na kelele zetu mnazijua.

Bajaji ya Njoro

Mangi umeongea. Na sie wa bajaji tusitajwe kama tatizo, tunapaki vibaya kwa sababu hakuna pa kupaki, tupeni kijiwe kimoja cha kueleweka karibu na soko tutajipanga foleni wenyewe, viongozi wa kijiwe tunao.

Vifungo na Zipu

Kamata Elfu Mbili uko sahihi, machinga hakuitwa, na mimi nadhani wengine walifurahi asiwepo kwa sababu anauza bei ya chini mbele ya mlango wao. Lakini nimepiga hesabu kichwani, mtu anayekuja kununua soksi kwako ndo anaingia kwangu kununua zipu, kwa hiyo uje. Mzee Mtendaji umenigusa kweli, naishi Pasua 😀 na kati yetu wote anayeishi hapo mtaani ni mama mmoja wa chapati. Kesho naanza kwake, yeye anawajua wa ghorofani wote.

Swali dogo la hela. Kuna mtu kasema tuombe ile asilimia 10 ya halmashauri tutengeneze mtaro?

Mtendaji Mstaafu

Hapana, hiyo ni mikopo ya vikundi, nne wanawake, nne vijana, mbili wenye ulemavu, ni ya biashara na inarudishwa. Mama ntilie wakope majiko na meza nzuri, mtaro hauingii huko. Mtaro uandikeni kwenye muhtasari kama kipaumbele namba moja, kimoja tu, na muonyeshe nguvu zenu, mfano kila mwenye duka anakubali kuvunja kidaraja chake mwenyewe wakija kupima levo. Mkiandika vipaumbele kumi na mbili watachagua rahisi kuliko vyote, mtapata kibao cha "weka mji safi".

Rula na Penseli

😂 Kweli kabisa. Mkitaka nakuja kuwasaidia kupima, bure, nipeni soda. Mje na futi kamba ndefu, chaki, na mtu wa kuandika mwenye mwandiko unaosomeka. Tunapima upana wa barabara, veranda, mtaro, na kila meza ya machinga ilipo SASA HIVI, siyo inapotakiwa kuwa. Jumamosi?

Kamata Elfu Mbili

Jumamosi ndo siku ya hela kaka, utapima miguu ya watu. Ila kwani siyo vizuri uione ikiwa imejaa? Ukipima Jumapili utachora mji ambao haupo.

Rula na Penseli

Jumapili tunapima kuta na mitaro. Jumamosi nakuja peke yangu kuhesabu watu na meza, naanzia kwako.

Vifungo na Zipu

Sawa. Jumapili saa nane, watu wakishatoka ibadani na kula. Futi kamba ninazo dukani lakini ni za kupimia viuno, mwenye ndefu ya ujenzi aje inbox.