Boneti ya fibaglasi imelegea juani

Fundi_Kariobangi: Wenzangu, hamjambo? Mwezi wa Julai, kwenye ile baridi yetu, niliunda boneti ya matatu kwa fibaglasi na epoksi, ile resini kama gundi inayogandishwa kwa kuchanganywa na hadena. Kesho yake ukucha haukuacha alama. Sasa jua limewaka, imepinda! Niongeze hadena?

Mama_Resini: Fundi, usiongeze! Hadena ikizidi kipimo hubaki bila mwenzake, na epoksi inazidi kulegea. Ukucha ulikudanganya. Molekuli huungana kuwa wavu, lakini kwenye baridi resini hukakamaa kabla wavu haujakamilika, nazo zinakwama hapo. Kiwango chake cha kulainika hubaki juu kidogo tu ya joto iliyogandia. Boneti nyeusi saa saba mchana inapita hapo. Ili wavu ukamilike, mimi hujenga sanduku la plaiwudi lenye hita, naweka boneti ndani, napandisha joto polepole hadi nyuzi 60, naiacha humo saa kadhaa. Kipimajoto ni lazima, ndugu yangu, usikisie.

Fundi_Kariobangi: Na hii iliyopinda?

Mama_Resini: Irudishe kwenye kalibu, uibane, ndipo upashe. Ikishamaliza kuungana haitakubali tena.

Juma_Bodi: Juu ya injini, nyuzi 60 huenda zisitoshe. Tafuta resini ya joto kali.