Boney M. hawakuwa wakubwa kwa kuwa Marekani haikuwapokea?

Wakuu, kuna hoja imetolewa kwamba Boney M., lile kundi la disko la miaka ya 1970 kutoka Ujerumani, tunawakuza kwa sababu ya utoto wetu tu: Marekani hawakuvuma, kwa hiyo wasitajwe pamoja na vigogo wa disko. Mimi siikubali.

Ni kweli Marekani hawakufua dafu. Mwaka 1978 wimbo wao "Rivers of Babylon" uliishia nafasi ya 30 kwenye chati ya Billboard. Lakini mwaka huohuo Uingereza wimbo ule ulikaa namba moja wiki 5, na Desemba kundi likatumbuiza Moscow, wakati wanamuziki wa Magharibi waliofunguliwa mlango wa kule walikuwa wa kuhesabika. Hata ABBA, kundi la Sweden ambalo hakuna anayelibishia, walishika namba moja Marekani mara moja tu, mwaka 1977. Tuwatupe nao?

Nyumbani kwetu hakuna aliyesubiri Billboard. Marehemu baba alikuwa na kanda yao moja, maandishi yamefutika kabisa. Utepe ukinasa kwenye redio ananiita niurudishe kwa kalamu ya Bic, taratibu, usije ukakatika. Ikifika "Rivers of Babylon" mama anasimamisha ungo wa mchele mapajani na kuitikia. Maneno mengi ni ya Zaburi ya 137, kilio cha waliochukuliwa mateka Babeli. Yeye aliyajua kanisani kabla hajayasikia kwenye disko. Wimbo wenyewe ulitoka Jamaika, kwa The Melodians, mwaka 1970, na Liz Mitchell na Marcia Barrett, waimbaji wa Boney M., walizaliwa hukohuko. Mimi nikiwasikiliza nasikia watu wanaojua wanachokililia.

Ninapokubaliana na wakosoaji ni kwa Frank Farian. Huyu mtayarishaji wa Kijerumani aliyeliunda kundi ndiye aliyeimba ile sauti nzito ya kiume studio, halafu jukwaani Bobby Farrell, mwanamume pekee wa kundi, akawa anachezesha midomo. Maizie Williams, mwanakundi mwingine, naye hakuimba kwenye rekodi. Mnunuzi alidanganywa, na hilo silitetei. Ila kosa la Farian lisifute sauti za Liz na Marcia, ambazo ni zao kweli, wala lisifute Bobby alivyocheza. Mtaani kwetu vijana walimwiga mpaka suruali.

Linaloniuma zaidi liko karibu na sisi. Mwaka 1982 Them Mushrooms, bendi ya Mombasa iliyokuwa ikipiga kwenye hoteli za kitalii, walitoa "Jambo Bwana", utunzi wa Teddy Kalanda Harrison. Mwaka uliofuata Boney M. wakaurudia wakauita "Jambo – Hakuna Matata". Mpaka leo watalii wanashuka pwani wanauimba, lakini muulize mmoja wao nani aliutunga, atakutazama tu. Wimbo ulizunguka dunia, jina la wenyewe likabaki hotelini.

Kwa hiyo ninyi mnaosema asiyevuma Marekani si mkubwa, nijibuni hili: Them Mushrooms nao mnawaweka kundi gani?